Mr. Freeze wa gemu, wa katuni au wa Arnold: yupi ndo mwenyewe?

Swali la msomaji: "Kaka habari za kazi. Sisi geto tuko wanne na tumebishana mpaka mmoja kanuna. Mimi nimemaliza Batman: Arkham City na nasema hakuna adui mkali kama Mr. Freeze wa mule. Mwenzangu anasema wa kwenye katuni za zamani ndo baba lao. Wa tatu kaona muvi ya Arnold tu, anasema huyo jamaa ni komedi, hata kumjadili ni kupoteza bando. Wa nne ni msomaji wa komiki, yeye katuchanganya kabisa, anasema sisi wote hatujui kitu manake kwenye komiki yule Nora wala si mke wake. Sasa nani yuko sahihi, na kwanini mtu mmoja ana historia nne?"

Haya dogo, umeuliza kwa mtu anayelipenda hili swali, kaa vizuri.

Nianze na huyo wa nne maana watu wa komiki wana tabia moja, wakishasema "kwenye komiki" basi wanaona mjadala umefungwa, kama vile komiki ndo cheti cha kuzaliwa na wengine wote wanakopi. Kwa adui wengi ni kweli. Kwa Freeze sio kweli, na hapo ndo utamu wake ulipo. Huyu jamaa kila kitu chake cha maana kimetoka kwenye tivii, komiki ndo zimekuja kuchukua baadaye.

Fuatilia. Alitokea mara ya kwanza kwenye komiki ya Batman namba 121, mwaka 1959, na hata jina hakuwa nalo, alikuwa anaitwa Mr. Zero. Mwizi wa almasi. Alikuwa anachezea bunduki yake ya barafu, ikatokea ajali, mwili ukawa hauwezi kuishi nje ya baridi, basi akavaa suti akaendelea kuiba. Mke hana, machozi hana, lengo lolote zaidi ya almasi hana. Na mwisho wa hadithi mvuke wa moto ukamponyesha, habari ikaisha hapo, nadhani hata waliomwandika hawakutegemea kumwona tena.

Aliyemfufua ni sirio ya tivii ya 1966, ile ya Adam West yenye rangi rangi na maneno yanayoruka kwenye skrini watu wakipigana. Wale ndo waliomwita Mr. Freeze, na walimchezesha waigizaji watatu tofauti, George Sanders akaanza, akafuata Otto Preminger ambaye kiukweli alikuwa mwongozaji mkubwa wa sinema, halafu Eli Wallach, huyo huyo uliyemwona kwenye muvi za kauboi. Watatu kwa mtu mmoja ndani ya miaka miwili! Hiyo yenyewe inakuonyesha hakuna aliyekuwa anajali Freeze ni nani, suti tu na bunduki vinatosha, weka yeyote ndani. Komiki zikaona jina limependwa, 1968 nazo zikaanza kumwita Mr. Freeze. Kwahiyo mwambie huyo msomaji wenu wa komiki kwamba hata jina analolitetea limetoka kwenye tivii.

Halafu miaka inapita, Freeze anabaki adui wa daraja la chini kabisa, wale wanaotumiwa kujazia.

Ikaja 1992. Septemba. Batman: The Animated Series, episodi inaitwa Heart of Ice, kaiandika Paul Dini, kaiongoza Bruce Timm, na sura mpya ya Freeze, ile ya kichwa cheupe na miwani myekundu, kaichora Mike Mignola. Ni kama dakika ishirini na kitu tu. Na ndani ya hizo dakika ikazaliwa karibu kila kitu ambacho wewe na wenzio mnabishania: jina la Victor Fries, mke Nora anayeumwa ugonjwa usio na tiba, tanki la kumgandisha mpaka dawa ipatikane, na bosi wa kampuni, Ferris Boyle wa GothCorp, ambaye anaona mradi unamla hela, anaingia na walinzi, anaamuru mashine izimwe na mgonjwa yuko ndani. Victor anamsihi. Boyle anampiga teke anaangukia kwenye makemikali. Basi.

Ipo sehemu kwenye hiyo episodi nataka mwangalie wote wanne kwa pamoja, ile Batman anapoikuta kanda ya video ya siku ile. Anaiangalia peke yake, ile picha ya kukwaruzakwaruza, anamwona mtu anaomba mke wake asizimiwe mashine na anajibiwa kwa teke. Na Boyle huyo ndo anaenda kupewa tuzo ya mtu mwenye utu! Kwahiyo Batman anakwenda kumwokoa mtu ambaye ameshaona kwa macho yake alichofanya, na unaona kabisa hataki, ila anaenda. Halafu ujanja wa kumshinda Freeze: Batman siku hiyo ana mafua, Alfred, mtumishi wake wa nyumbani, kamfungia chupa ya supu ya kuku ya moto, na ndo hiyo supu anampasulia Freeze kwenye kioo cha kichwani, kioo kinapasuka kwa joto. Supu ya kuku, dogo. Ukimsimulia mtu atacheka, ukiangalia huchekagi, kwasababu dakika chache nyuma umeona ile kanda. Hiyo episodi ikachukua tuzo ya tivii ya Emmy kwa uandishi, na sishangai. (Sauti ya Boyle, kama hukujua, ni ya Mark Hamill, yule yule mnayemjua wote kama sauti ya Joker.)

Kitu kingine walichofanya, Michael Ansara aliyemwekea sauti Freeze anaongea bila kupanda wala kushuka, kavu kabisa, kama mashine. Wengi wakitaka adui mwenye uchungu wanamliza na kumpigisha kelele. Hawa walimnyima hata sauti ya kulia, wewe msikilizaji ndo unalia kwa niaba yake. Ndo maana mwenzako wa katuni hataki kusikia la mtu.

Sasa tukija kwako. Kabla hamjaendelea kununiana jua kitu kimoja: hadithi ya Arkham City kaandika nani? Paul Dini huyo huyo, akiwa na wenzake wa Rocksteady, studio iliyotengeneza gemu. Mwaka 2011, karibu miaka ishirini baada ya Heart of Ice. Na Batman ana sauti ya Kevin Conroy kote kote. Kwahiyo we na mwenzako mnabishana kama ndugu wawili wanaogombania baba yupi ni mzuri wakati baba ni mmoja.

Lakini sikubali kwamba ni kitu kile kile, kuna kitu gemu limefanya katuni isingeweza. Kumbuka mpangilio: Penguin kamkamata Freeze, kamwekea kule makumbusho ndani ya kioo kama pambo, bunduki kaichukua. Unamtoa. Batman ana damu chafu ya Joker mwilini, anakufa taratibu, na mtu pekee wa kutengeneza dawa ni Freeze. Anaitengeneza. Vichupa viwili. Kimoja anakipasua mbele yako, cha pili anakitia kwenye sefu, anakwambia Joker anaye mke wangu, nenda kamlete kwanza. Na wewe huna muda. Hapo hakuna mbaya! Mmoja anataka kupona, mwingine anataka mke wake, na wote wawili wana haki, wanaanza kuuana.

Pale kwenye pambano lenyewe, najua umelipitia ila nitalieleza kwa ajili ya wengine. Ngumi hazimfai kitu, ukimwendea usoni umekwisha. Inabidi umvizie. Umemjia kwa nyuma kimya kimya, umempiga, umefurahi. Jaribu tena kwa nyuma: mgongo keshaukinga. Umetokea chini kwenye vyuma vya sakafu ukamvuta, vizuri, sasa vile vyuma anavigandisha, hupiti tena. Umemnasa kwa mitambo ya umeme, mara ya pili hiyo njia imekufa. Kila njia inafanya kazi mara moja tu, halafu jamaa kaielewa. Ukiwa umezoea magemu ambayo bosi ana staili tatu na wewe unazikariri mpaka unamuua huku unakula chipsi, hapa unakwama kwasababu wewe ndo unayekaririwa.

Hicho ndo ninachokisifia. Kwenye katuni unaambiwa Freeze ni mwanasayansi mwenye akili, unakubali, maana wamesema. Kwenye gemu akili yake unaipata mkononi, pedi inaanza kuteleza jasho, unajificha nyuma ya ukuta unawaza nimebakiza njia gani ambayo hajaiona. Kuna mashabiki wengi tu wanaliita pambano bora la bosi kwenye magemu ya mashujaa wa komiki na mi siwapingi. Na baada ya yote hayo sefu inafunguliwa, dawa haipo, Harley Quinn, yule demu wa Joker, katoboa ukuta kwa nyuma kaondoka nayo. Mmepigana bure. Nilizima PS nikaenda kunywa maji.

Ila nikuulize wewe uliyemaliza gemu, ulirudi kumtafuta Nora? Manake ile ni misheni ya pembeni, hulazimishwi. Wapo watu kibao wamemaliza Arkham City bila kwenda kumtoa mke wa mtu, halafu wanakuja kusema wanampenda Freeze. Kama hukwenda, washa urudi.

Twende kwa Arnold. Muvi ya 1997, Batman & Robin, Joel Schumacher kaongoza, George Clooney ndo Batman, na jina la Arnold Schwarzenegger limetangulia juu ya la stelingi mwenyewe! Mwenzenu anasema ni komedi na hajakosea, kila akifungua mdomo ni utani wa baridi, utani wa barafu, utani wa kuganda, mwanzo mwisho. Ila mwambie airudie muvi aangalie maudhui peke yake, utani autoe. Nora yumo. Tanki limo. Kwenye muvi ugonjwa wameupa na jina, Alfred naye anaumwa huo huo, Poison Ivy anachomoa mashine ya Nora na kumsingizia Batman, na mwisho Freeze anatoa dawa ya kumponyesha Alfred. Yaani ukiisimulia kwa mdomo ina majonzi kuliko hata ya katuni! Lakini nani anayakumbuka? Hakuna. Mimi hii muvi huwa naitumia kuwabishia wale wanaosema adui mzuri ni "bakstori" tu, mpe mke mgonjwa basi kamaliza kazi. Hapana. Arnold alipewa mke mgonjwa yule yule na tukacheka. Ukimpa mtu msiba halafu ukampa na vichekesho mdomoni kila sekunde kumi, mtazamaji atachagua vichekesho, ndo binadamu tulivyo.

Sasa yule wa nne. Anachosema kipo, hajatunga. Ila hajawaambia yote.

Baada ya Heart of Ice kupendwa, komiki zikaichukua hadithi nzima, 1997 Paul Dini akaandika toleo maalumu likaiingiza rasmi kwenye komiki, mke na kila kitu. Ikakaa hivyo. Mwaka 2011 DC, kampuni yenye komiki za Batman, wakaanzisha upya ulimwengu wao wote, ule wanaouita New 52, na 2012 kwenye Batman Annual namba 1 Scott Snyder na James Tynion IV wakaigeuza: Nora anaitwa Nora Fields, kazaliwa 1943, aligandishwa na familia yake akiwa msichana kwa ajili ya ugonjwa wa moyo, miaka mingi kabla ya Victor. Victor ni mtafiti tu aliyeandika tasnifu kuhusu yeye, akapata kazi kwenye kampuni ya Bruce Wayne (ndo Batman mwenyewe akivua kinyago) ambako mwili umehifadhiwa, akaanza kumpenda mtu aliyelala ambaye hajawahi kuongea naye hata neno. Mke wapi? Kichwani mwake. Bruce Wayne alipotaka kuufunga mradi Victor akamrushia kiti, kiti kikakosa kikaenda kupasua matanki ya kemikali, ndo akawa Freeze.

Mashabiki walichachamaa, na mpaka leo ukitaka ugomvi taja hiyo komiki. Mimi naona hivi: kama hadithi ya kutisha ni nzuri sana, ukifika pale unapogundua hamjui hata huyo mwanamke unasisimka. Na ina akili, kwasababu inakulazimisha ujiulize, kwani hata kwenye katuni Nora aliwahi kuulizwa kama anataka kukaa kwenye tanki? Lakini wameua kile kilichomtofautisha. Mtu anayejidanganya kwamba anapendwa, Gotham, mji wa Batman, wamejaa, adui mwingine Mad Hatter yuko pale kazi yake ni hiyo hiyo. Mume aliyenyang'anywa mke na mwenye hela yuko mmoja tu. Tena angalia walichomfanyia Boyle: kwenye katuni mkosaji ni tajiri, kwenye komiki mkosaji ni mgonjwa wa akili na tajiri ni Bruce mwenyewe, yeye ndo yuko sahihi. Hiyo mimi ilinikera kuliko ya Nora.

Na ambacho msomaji wenu hajawaambia ni kwamba DC wenyewe walirudi nyuma. Kufikia 2019 kwenye Detective Comics ya Peter Tomasi, Nora ni mke tena, Lex Luthor, yule adui wa Superman, anampa Freeze dawa, mke anaamka. Na unajua anafanya nini? Anauonja uhalifu, anaupenda, anamwacha mume wake kwenye mataa. Mzee wa watu kahangaika miaka yote hiyo! Hiyo nilicheka na nikaipenda pia, angalau kwa mara ya kwanza Nora kafanya jambo kwa akili yake.

Swali lako la kwanini historia nne jibu lake ni la kawaida tu, mwenye mali ni DC na Warner, wahusika ni wa kampuni si wa mwandishi, kila anayekabidhiwa anavunja na kujenga, kinachopendwa kinabaki kisichopendwa kinafutwa kimya kimya. Kwahiyo mashabiki wana nguvu kuliko wanavyodhani. Harley Quinn vile vile alitokea kwenye katuni hiyo hiyo na mwezi huo huo wa Septemba 1992, alikuwa apite episodi moja tu, watu wakampenda, 1999 akaingizwa kwenye hadithi kuu ya komiki.

Mimi nikipima adui nafanya kitu kimoja, namtoa stelingi kwenye hadithi nzima nione adui anabaki na nini. Mtoe Batman kwa Mr. Zero: anaiba almasi, anatajirika, mwisho. Mtoe Batman kwenye Heart of Ice: Victor bado ana mke kwenye tanki na Boyle bado anachukua tuzo, tatizo liko pale pale, Batman ni mtu aliyekatiza njia tu. Kwenye Arkham City hivyo hivyo, ugomvi wake ni na Penguin na Joker. Kwa kipimo hiki katuni na gemu zinapita, komiki ya 2012 inapita kwa taabu.

Utaniambia Joker je? Joker kipimo hiki anafeli, mtoe Batman hana kazi, na ni adui namba moja tangu 1940. Ni kweli na sina neno, Joker ndo anatakiwa awe hivyo, hana chake zaidi ya Batman, na kila wanapojaribu kumpa historia ya kueleweka mi naona wanampunguza. Tatizo ni kwamba baada ya Freeze kupendwa kila mwandishi anataka adui wake aonewe huruma, siku hizi hata jambazi wa kuvunja benki lazima tuoneshwe alivyoonewa utotoni. Wengine waacheni wawe wabaya jamani.

Hukumu basi. Kama ni kuandika mtu, katuni inashinda, na inashinda kwa mbali maana bila hiyo nyie wengine hamna cha kubishania. Kama ni kupambana naye, gemu lako, hakuna aliyekaribia. Wa Arnold mwacheni na starehe zake. Wa nne mpeni heshima kidogo kwa kusoma, ila akirudia kusema "kwenye komiki" muulizeni komiki ya mwaka gani.

Na kama una PS3 au kompyuta, baada ya Arkham City tafuta Arkham Origins, halafu pakua nyongeza yake inaitwa Cold, Cold Heart ya 2014. Ni ile ile Heart of Ice imefanywa gemu, mkesha wa mwaka mpya, Freeze anavamia nyumbani kwa Wayne siku ya kumpa Boyle tuzo. Bosi wake hafikii yule wa City, nakuonya mapema. Ila mwenzako wa katuni ataikubali, muachie ashike pedi yeye.